Kwa nini nyumba za zamani za Muthaiga na Karen huzeeka vizuri kuliko majumba mapya?

#1 Mtazama_Mageti
Salamu wadau. Ukipita mitaa ya Nairobi kama Muthaiga, Karen au Lavington ya zamani utaona nyumba za mawe za miaka ya 1930 na 1940 bado zinavutia: paa la vigae, veranda, chimni, madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Kunja kona, unakutana na jumba jipya la vioo na paa lililofichwa. Limekamilika juzi tu, na tayari ukuta una michirizi myeusi na rangi inabanduka. Pesa iliyoingia humo si ya mchezo. Dai langu ni kwamba wasanifu wetu wananakili picha za Dubai na Los Angeles kisha wanazileta kwenye mvua ya Aprili. Nipingeni.

#2 Upenu_Mpana
Si Dubai wala nini, ni upenu. Paa la nyumba ya zamani limetoka nje ya ukuta futi 2 hadi 3. Maji yanadondoka mbali. Jumba la parapeti, yaani ukuta mfupi unaopanda kuzidi paa, halina upenu hata inchi moja, kwa hiyo ukuta mzima unaoga kila mvua. Angalia hiyo michirizi: huanzia juu kabisa, pale parapeti inapoishia. Vumbi hukaa juu ya ukuta miezi ya kiangazi, mvua ya kwanza inalisomba, kuvu inapata mahali pa kuota.

Dawa ipo na si ghali. Weka kofia ya zege au jiwe juu ya parapeti. Iinamie ndani kwenye paa, si nje. Itokeze angalau milimita 40 kila upande, na chini ya sehemu iliyotokeza ukatwe mfuo mdogo ili tone likatike hapo lisirudi ukutani. Ule mfuo ndio mafundi huuruka, maana mwenye nyumba akisimama chini hauoni.

Na huku chini: udongo mwekundu wa Runda na Muthaiga ukirushwa na matone hupaka ukuta mweupe hadi magotini. Zungushia nyumba ukanda wa kokoto au mawe ya Mazeras, upana wa mita moja, na futi mbili za mwanzo za ukuta ziwe jiwe lisilopakwa rangi.

#3 Dalali_Mstaafu
Mzee Upenu, umesema vyema, lakini unatazama ukuta ukasahau uwanja. Karen ya zamani ilikuwa ploti za ekari 5 na kuendelea. Siku hizi estate ya geti moja inaingiza nyumba nne kwenye ekari moja. Robo ekari ni futi za mraba 10,890. Toa msingi wa nyumba, njia ya gari, chumba cha walinzi, jenereta, matangi na maegesho ya magari manne: bustani iliyobaki ni ya kufugia kasa.

Jumba linataka nafasi ya kulitazama. Likiwa na urefu wa mita 9, linahitaji karibu mita 18 mbele yake ndipo jicho lilimeze lote kwa pamoja. Ukibanwa mita 6 kutoka getini, unachoona ni ukuta na balkoni, hata kama mchoro ulishinda tuzo.

#4 Slabu_Kavu
Nilijua tu paa bapa litasingiziwa. Paa bapa halivuji kwa sababu ni bapa. Linavuja kwa sababu ya kazi mbovu, na huharibiwa mahali pale pale kila mara.

Kwanza mteremko. Mchoro uonyeshe sentimita 2.5 kwa kila mita ili fundi akikosea bado ibaki 1.2. Wengi humwaga slabu, yaani bamba la zege la paa, sawasawa kabisa, kisha wanategemea tabaka la saruji la juu kuleta mteremko, na hilo tabaka mwishoni ni jembamba karibu na tundu la maji. Pili, kona ya slabu na parapeti: ijazwe saruji kwa nyuzi 45 kabla ya membreni ya lami, yaani utando wa kuzuia maji, maana membreni ikikunjwa nyuzi 90 hupasuka pale pale. Ipande parapeti angalau milimita 150 juu ya uso wa mwisho, na ncha yake ichomekwe ndani ya ukuta, isibandikwe tu. Tatu, vipande vipishane milimita 100 kwa ubavu na 150 kwa ncha. Nne, membreni isiachwe ipigwe na jua. Ifunikwe.

Halafu matundu. Mvua ya milimita 50 kwenye slabu ya mita 100 za mraba ni lita 5,000, yaani tani 5 zimeketi juu ya chumba cha kulala. Weka mabomba mawili ya inchi 4 hata kama hesabu inasema moja linatosha, na tundu la dharura kwenye parapeti, chini kidogo ya usawa wa mlango wa kutokea darini. Maji yakianza kumwagika nje ukutani, unajua bomba limeziba.

#5 Kioo_Cheusi
Kwa hiyo mambo kumi yakifanywa sawa, na fundi asilale, halivuji. Vigae havitaki hayo yote. 😄

#6 Mtazama_Mageti
@Slabu_Kavu shukrani. Lakini majumba mengi ya "paa bapa" huku kwetu si slabu, ni mabati yaliyofichwa nyuma ya parapeti, sivyo?

#7 Slabu_Kavu
Ndivyo, na hapo ndipo balaa lenyewe. Mabati ya mwinamo mdogo yanamwaga maji kwenye gata lililofichwa kati ya mabati na parapeti. Gata likiwa na upana wa inchi 6, mtu hawezi kuingiza mguu kulisafisha, basi halisafishwi. Litengeneze upana wa futi moja na zaidi, mtu aweze kutembea ndani yake. Na kumbukeni jakaranda: inachanua Septemba hadi Novemba, mvua za vuli zinaanza Oktoba. Maua yote yanashuka wakati mbaya kabisa. Picha ya drone inatoka maridadi, dari ya sebule inatoka ramani ya Afrika.

#8 Bi_Bustani
Mnaongea saruji tu. Kinachopendeza Muthaiga ni miti. Ng'oa miti yote kwa akili yako uone kilichobaki: bangalo la kawaida lenye vigae. Mfano ni Giraffe Manor, ile nyumba ya Kiingereza ambayo akina Leslie-Melville waliijenga Lang'ata. Bila mimea inayotambaa ukutani na nyasi za mbele, ni jengo zito tu.

#9 Kumbukumbu
Hapana dada, hawakuijenga wao. Ilijengwa 1932 na Sir David Duncan, na mfano wake ni nyumba za uwindaji za Scotland. Leslie-Melville waliinunua 1974, na ndio walioleta twiga.

Mfano bora kwa uzi huu ni nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark. Ilijengwa 1912, ikafunguliwa kama makumbusho 1986. Ni ya sakafu moja, na kwa viwango vya leo ni ndogo. Nyumba za wageni za Runda zinaizidi. Lakini veranda, kimo cha paa na upana wa ukuta vimepatana. Kwa hiyo nasema si ardhi wala upenu peke yake, ni vipimo kupatana. Jumba jipya lina mlango wa futi 10, nguzo za ghorofa mbili, na dirisha la choo la futi moja, vyote ukuta mmoja.

#10 Dalali_Mstaafu
Hilo dirisha la choo! Wateja hawalioni kwenye picha za kompyuta kwa sababu mchoraji hugeuza kamera.

#11 Mchonga_Mawe
Hakuna aliyetaja jiwe lenyewe. Mawe ya zamani yalichongwa kwa mkono. Uso una makovu ya patasi, kila kovu lina kivuli chake, na jua la asubuhi likipita ukutani linaleta uhai. Jiwe la machimbo ya Ndarugo linalokatwa kwa mashine, inchi 9 kwa 9 au 6 kwa 9, limenyooka pande zote. Linafaa sana kujengea, lakini likiachwa bila plasta linaonekana kama ukuta wa godauni, isipokuwa uchague vizuri.

Wanaotaka mawe wazi leo: agiza yote kutoka tabaka moja la machimbo moja, ongeza asilimia 10 ya kuvunjika, maana ukirudi baada ya miezi miwili rangi imehama kutoka kijivu hadi manjano. Jointi isizidi milimita 10. Usitumie saruji kali. Saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 inatosha kujazia jointi, kwani jointi ikiwa ngumu kuliko jiwe, unyevu unatokea kupitia jiwe na uso wake unaanza kumong'onyoka. Na tafadhali, msipake vanishi ya kung'aa! Inafungia unyevu ndani, miaka miwili baadaye inabanduka magamba. Tafuta dawa ya kufukuza maji ambayo jiwe linaendelea kupumua.

#12 Kioo_Cheusi
Mimi naona nyote mnaruka jambo rahisi: mbovu zilishabomolewa. Kileleshwa na Kilimani zilijaa bangalo za zamani, nyingine zikiwa na mchwa na unyevu hadi dirishani. Leo pamesimama magorofa. Zilizobaki Muthaiga ndizo zilizokuwa nzuri tangu mwanzo, halafu tunazilinganisha na majumba mapya yote, mazuri na mabaya kwa pamoja. Subirini miaka 80, yatakayobaki nayo yatasifiwa.

#13 Upenu_Mpana
@Kioo_Cheusi hoja nzuri, ila haielezi kwa nini zilizobaki zina upenu karibu zote.

#14 Kioo_Cheusi
Kwa sababu zote zilikuwa nao, mbovu na nzuri, mzee wangu. 😄

#15 Jua_la_Saa_Kumi
Nije na hesabu ya jua. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 65 hivi. Desemba liko kusini, nyuzi 68. Upenu wa mita 0.9 ukutani kaskazini unatupa kivuli cha karibu mita 1.9. Dirisha limefunikwa lote. Sasa nenda upande wa magharibi, saa kumi na nusu jioni. Jua liko nyuzi 30, na upenu ule ule unakinga nusu mita tu. Yaani upenu hauna kazi kubwa upande wa machweo.

Kwa hiyo nyumba ndefu inyooke mashariki–magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Vyumba vya kulala mashariki, maana Julai asubuhi baridi inauma. Magharibi weka gereji, stoo, ngazi, au veranda pana yenye miti mbele. Majumba mapya mengi huelekeza kioo cha ghorofa mbili palipo na mandhari, na mandhari ikiwa milima ya Ngong, basi kwa sehemu kubwa ya jiji ni magharibi na kusini-magharibi. Wanavuta pazia kuanzia saa tisa alasiri. Mandhari ya kulipia, haionekani.

#16 Mama_wa_Kitisuru
Habari zenu. Veranda pana ni nzuri kwa picha, lakini sebule zilizo nyuma yake ni giza mchana kutwa. Hilo mnalinyamazia.

#17 Jua_la_Saa_Kumi
Kweli mama. Veranda isizidi mita 2.4 ikiwa sebule haina dirisha upande wa pili. Wazee walitatua kwa kuacha sebule ivuke nyumba nzima, dirisha mbele na nyuma. Au vunja veranda katikati: nusu paa la vigae, nusu boriti wazi zenye mmea. Njia ya haraka ni kupaka dari ya veranda nyeupe na kuweka sakafu ya rangi hafifu. Mwanga unaruka ndani.

#18 Mama_wa_Kitisuru
Asante. Na meko? Nyumba jirani wamejengewa meko ya mawe mazuri sana, moshi unajaa sebuleni hadi wanafungua milango.

#19 Mchonga_Mawe
Sebule yao ni ya ghorofa mbili, wazi hadi juu?

#20 Mama_wa_Kitisuru
Ndiyo, na ngazi imo humo humo.

#21 Mchonga_Mawe
Basi sababu ziko tatu, na huenda zote zipo. Koo la chimni, yaani njia ya moshi, ni dogo: eneo lake liwe angalau moja ya kumi ya mdomo wa meko. Mdomo wa milimita 900 kwa 700 unataka koo la 250 kwa 250. Wengi huweka bomba la inchi 6 kwa sababu ndilo lililopo dukani. Pili, chimni ni fupi. Kutoka sakafu ya meko hadi juu iwe mita 4.5 na zaidi, na kama inatokea karibu na mgongo wa paa, iupite mgongo kwa milimita 600. Ikiwa nyuma ya parapeti ndefu, upepo unaanguka ndani yake.

Tatu ndiyo ya kisasa: chumba chenyewe ni chimni. Hewa moto inapanda kwenye ule uwazi wa ghorofa mbili, inatoka madirisha ya juu, na meko inageuka kuwa mahali pa kuingizia hewa. Wafunge madirisha ya juu, wazime feni ya kunyonya ya jikoni, wafungue dirisha moja la chini karibu na meko. Moshi ukiisha, tatizo ni hewa, watobolewe bomba la inchi 4 kutoka nje hadi kando ya meko. Usipoisha, washushe mdomo kwa kipande cha bati, inchi moja moja, hadi moshi ushike njia. Wakishajua kipimo, waweke boriti ya jiwe hapo.

#22 Slabu_Kavu
Tuko kwenye meko tayari. Rudini kwenye vigae mnavyovisifu. Kigae cha udongo kina kilo 2.5 hadi 3, na mita moja ya mraba inataka kama 15, yaani karibu kilo 40. Paa la mita 300 za mraba ni tani 12 kabla ya maji. Vigae vya chuma vyenye chembe za mawe ni kilo 7 hivi kwa mita, tani 2 na kitu. Mtu anachorewa kenchi za chuma, katikati ya ujenzi anapenda vigae vya udongo vya jirani, anabadilisha bila kumwita mhandisi. Mbao zenyewe ni saiprasi mbichi ya wiki iliyopita. Mgongo wa paa unapinda, vigae vinaachana, maji yanaingia. Kwa hiyo na vigae vina mambo yake kumi, @Kioo_Cheusi.

#23 Upenu_Mpana
Hapo huna mpinzani. Mwinamo nao: vigae vya udongo visilale chini ya nyuzi 25. Wanaolaza paa nyuzi 15 "ili lisionekane" wanatafuta mvua ya upepo ipande chini ya kigae.

#24 Bi_Bustani
Kuhusu mimea ya ukutani, msikimbilie kuiga Giraffe Manor ya Lang'ata. Mmea unaojishika kwa vijizizi hauna shida kwenye jiwe zima lenye jointi nzima. Kwenye plasta iliyopakwa rangi, siku ukiung'oa unaondoka na rangi na unaacha alama za miguu ambazo brashi haitoi. Ukatwe sentimita 30 chini ya gata, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua. Ukifika kwenye vigae, unavinyanyua. Kwa ukuta wa plasta afadhali bogenvilea kwenye waya uliosimamishwa inchi 4 kutoka ukutani.

#25 Dalali_Mstaafu
Wanaotaka kununua hizo za zamani baada ya kusoma uzi huu, fungueni hati kabla ya kupenda chimni. Nyingi ni ukodishaji wa miaka 99, na zilizoanza mapema karne iliyopita zimekwisha au zinaelekea huko. Soma tarehe ya kuanza, si tarehe ya kuuziwa. Asiye raia hawezi kupita miaka 99 kwa vyovyote, Katiba ya 2010, kifungu cha 65.

Halafu maji taka. Sehemu kubwa ya Karen inategemea tangi la septiki na shimo la kunyonya. Uliza liko wapi, na kama kuna mtu amejenga kidimbwi cha kuogelea juu yake. Maji ya kisima cha mashine yapimwe floraidi: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi vinapita hapo. Kwa nyasi sawa, kwa watoto yapite kwenye mtambo wa kuchuja.

#26 Kumbukumbu
Na udongo, mzee. Karen ina sehemu nyekundu na sehemu nyeusi. Ule mweusi hupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikija.

#27 Dalali_Mstaafu
Eeh. Mweusi unatolewa wote chini ya nyumba hadi ufike murramu (changarawe ngumu) au mwamba, hata ikiwa futi 6. Kisha mawe magumu yanajazwa tabaka la milimita 150, linashindiliwa, lingine. Anayeacha "kidogo tu" chini ya veranda, veranda inaachana na nyumba. Ukiona ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana juu, mwembamba chini, usijadili bei bado.

#28 Mtazama_Mageti
Basi hesabu: upenu, ardhi, miti, vipimo, jiwe, zilizobomolewa, jua. Hakuna anayeniunga mkono kuhusu Dubai?

#29 Kioo_Cheusi
Dubai haina Aprili yetu. Tumekuachia hiyo.

#30 Mwenye_Funguo
Mmesahau matunzo. Nyumba nyingi za Muthaiga zimekodishwa na balozi na mashirika kwa miaka mingi, na mkataba unataja kazi za kila mwaka: gata kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, madirisha ya chuma yakwanguliwe kutu kwenye kipande cha chini, puti mpya, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Sakafu ya vipande vya mbao inapigwa msasa namba 40, 80, 120 kabla ya vanishi. Jumba jipya linalokaliwa na mwenyewe halina mkataba wa kumkumbusha. Paa linaangaliwa siku limevuja.

#31 Upenu_Mpana
Nakubali nusu. Nyumba isiyohitaji kukumbushwa ndiyo iliyochorwa vizuri.

#32 Mama_wa_Kitisuru
@Slabu_Kavu swali la mwisho. Slabu ya veranda ya juu imewekwa membreni jana. Mwanakandarasi anataka kuweka vigae vya sakafu Jumatatu. Nimruhusu?

#33 Slabu_Kavu
Bado mama. Azibe matundu yote, ajaze maji hadi kina cha milimita 50 sehemu ya juu kabisa, kama mhandisi amekubali uzito huo, na yakae saa 48. Atie alama ya kalamu kwenye parapeti. Kando yake aweke ndoo yenye maji, nayo itiwe alama: jua litakausha zote mbili, kwa hiyo maji ya slabu yakishuka zaidi ya ya ndoo, kuna tundu. Wewe kagua dari ya chini, hasa kuzunguka mabomba na chini ya kizingiti cha mlango. Ikiwa kavu, tabaka la saruji la kulinda kwanza, ndipo vigae.

Na fundi wa dishi au wa sola akija baadaye na drili, asitoboe sakafu ya slabu hata kwa skrubu moja. Afunge upande wa ndani wa parapeti, juu ya pale membreni inapoishia.